Tumepiga mbizi Maziwe wikiendi, video zote zimetoka bluu kama maji ya kufulia. Kamera mbovu au sisi?

#1 MtuWaNjiro (Jumatatu, saa 3 asubuhi)

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kwa wanaojua kamera za chini ya maji.

Tulikuwa watano, wanne wa Arusha na mmoja wa Moshi tuliyempitia njiani. Ijumaa usiku tukateremka mpaka Pangani, tukalala Ushongo. Jumamosi tukapiga mbizi mbili pale Maziwe, Jumapili asubuhi moja. Saa nne tulikuwa tumeshatoka majini, tukala samaki, saa saba mchana tukawasha gari kurudi. Raha tupu, hakuna aliyekuwa na haraka.

Nilikuwa na GoPro ndani ya kasha lake, nimerekodi karibu dakika 90. Kasa nilimwona kwa macho yangu haya, gamba la kahawia lenye mistari rangi ya asali. Kwenye video ni kivuli cha bluu kinapita kwenye bluu nyingine. Mke wangu kaangalia dakika mbili akaniuliza kama nilirekodi ndani ya ndoo ya kufulia. Halafu ile ya Jumapili katikati kuna ukungu, kama mtu amehemea kioo.

Kamera niliinunua mkononi kwa mtu hapa mjini, ndiyo maana nina wasiwasi. Yule wa Moshi ndiye mtaalamu wetu wa kuhariri, ila leo kaamka bega linamuuma na mwili umechoka, nadhani ni safari. Kwa hiyo nimebaki na ninyi.

#2 ChaliiWaSakina

Umenunua mkononi kwa mtu halafu unauliza kama ni mbovu. Sawa mkuu. Weka video tuone.

#3 FundiKamera

Mleta uzi, kamera yako nzima kabisa. Maji yanakula rangi. Nyekundu ndiyo inaondoka mwanzo, ukifika mita tano imeshapungua sana. Inafuata rangi ya chungwa, kisha njano, mnabaki na kijani na bluu. Na usihesabu kina peke yake, hesabu pia umbali kutoka kwenye kitu mpaka kwenye kioo. Kasa akiwa mita nne mbele yako na nyote mko mita kumi chini, mwanga umetembea mita kumi kushuka na nne nyingine kukufikia.

Dawa ni tatu: filta nyekundu mbele ya kioo, au taa ya kuzamia, au kurekebisha mizania ya nyeupe, yaani kuionyesha kamera nyeupe ni ipi, kila unapobadilisha kina. Na sogea karibu! Ukishapita mita moja na nusu kutoka kwa samaki unapiga picha ya maji.

#4 BibiWaKibosho

Mimi mtu wa migomba, bahari naiona kwenye kalenda. Ila swali: kama maji yamekula rangi, mbona yeye kwa macho aliona kahawia na asali? Macho yake yana filta?

#5 FundiKamera

Bibi, swali zuri. Ubongo unajua kasa ni kahawia, unajaza wenyewe. Kamera haijui kasa ni nani.

#6 Mzamiaji_Mstaafu

Fundi, hapo nakubali nusu. Macho yanazoea, lakini si kiasi hicho. Nikiwa Unguja nilijikata kidole kwenye tumbawe nikiwa kama mita 18, damu ikatoka ya kijani iliyokoza, karibu nyeusi. Nilijua ni damu na ubongo wangu haukunisaidia kitu. Nikawasha tochi, ikawa nyekundu palepale. Nadhani MtuWaNjiro alimwona kasa karibu na juu, kwenye mita tatu au nne, halafu akarekodi wakati kasa anakimbilia chini. Au amemwona kasa kwenye kadi za posta.

#7 MpembaWaMajengo

Yakhe mnazungumza filta, filta. Mmeuliza maji yalikuwaje siku hiyo? Mwezi ulikuwa umefikia wapi? Kama ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanakwenda mbio, yanachafua mchanga, hata ukiwa na kamera ya dhahabu utatoa uji. Sisi kwetu mtu akitaka kuona chini husubiri maji mafu, siku ambazo hayajai wala kupwa sana. Na Maziwe ni fungu la mchanga lile, maji yakijaa linafunikwa lote. Mchanga wote ule uende wapi?

#8 MtuWaNjiro

Mpemba, mwezi ulikuwa mpevu. Tulikaa nje tunausifia, hatukujua unatuharibia kazi.

Na Mstaafu, kasa nilimwona kweli. Mashahidi wanne.

#9 ChaliiWaSakina

Mashahidi wote walikuwa kwenye maji ya bluu hayohayo.

#10 DadaWaUsaRiver

Kuhusu ukungu, hilo ni la kasha wala si la bahari. Umelifunga ukiwa ufukweni, joto na unyevu vya pwani vimebaki ndani. Ukishuka kwenye maji yaliyopoa kidogo, na kamera yenyewe inachemka kwa kurekodi, mvuke unaganda kwenye kioo. Funga kasha asubuhi ndani ya chumba chenye kiyoyozi, weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usifungue mpaka umalize.

Na angalia ule mpira wa kuzibia. Unywele mmoja tu au punje ya mchanga, kasha linanywa maji. Nimepoteza kamera hivyo, sitaki kuikumbuka. Ukitoka loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kabla hujalifungua.

#11 MtuWaNjiro

Asante dada. Kweli Jumapili nililifunga kwenye boti, jua la saa mbili.

#12 Mzamiaji_Mstaafu

Ngoja kwanza, nimerudi kusoma #1 na nywele zimesimama. Mmetoka majini Jumapili saa nne asubuhi, mbizi tatu kwa siku mbili, na usiku uleule mko Arusha? Na mmoja kaamka bega linamuuma na uchovu? Na mnajadili filta?

Huyo jamaa yuko wapi sasa hivi?

#13 MtuWaNjiro

Yuko Moshi mkuu, tulimshusha kama saa tatu usiku. Sisi tukaingia Arusha saa nne na nusu. Anasema ni kulala vibaya kwenye gari. Leo jioni anapanda kwao Machame, kuna kikao cha harusi. Kuna tatizo gani? Hatukupanda ndege.

#14 Mzamiaji_Mstaafu

Mwambie asiende Machame kwanza. Namaanisha.

Mwili haujui kama umepanda ndege au basi, unachojua ni presha ya hewa imeshuka. Ukiwa chini ya maji unapumua hewa iliyobanwa. Mita kumi za bahari tayari presha ni mara mbili ya ufukweni. Naitrojeni inaingia kwenye damu na minofu, ukipanda juu inataka kutoka, na inatoka taratibu kwa saa nyingi. Chukua soda baridi. Ukifungua kizibo polepole haimwagiki, ukiking'oa ghafla inafoka. Kupanda mlima kabla naitrojeni haijaisha ni kung'oa kizibo. Vipovu vinapenda viungo, bega ndilo mahali pake, na goti.

Mwongozo wa DAN, wale wa usalama wa wazamiaji, unaotumika kwa kupanda kuanzia mita 600 mpaka 2,400: mbizi moja ya kawaida subiri angalau saa 12. Mbizi za kurudia au za siku kadhaa, angalau saa 18. Arusha iko mita 1,400 na ushee. Hesabuni wenyewe.

#15 ChaliiWaSakina

Kwa hiyo sisi tunaoishi Arusha tuko kwenye ndege saa zote. Ndiyo maana tunajisikia.

#16 BibiWaKibosho

Ndiyo maana maharage yenu yanachukua siku nzima kuiva.

#17 Mzamiaji_Mstaafu

Bibi umetania lakini ndiyo yenyewe. Maji ya Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu hewa ya juu yake ni nyepesi. Hewa hiyohiyo ndiyo inafungua soda.

#18 Mangi_Calculator

Samahani nipite na hesabu. Wametoka majini saa nne asubuhi, Arusha saa nne na nusu usiku, hiyo ni saa 12 na nusu. Saa 12 zimepita. Mstaafu unatutisha.

#19 DadaWaUsaRiver

Mangi, 12 ni za mbizi moja. Hawa wamepiga tatu, wanahesabiwa 18. Na saa haihesabiwi mpaka geti la nyumbani. Inahesabiwa mpaka pale barabara inapovuka mita 600, na hapo ni kabla ya Same, maana Same yenyewe iko juu ya mita 800. Kutoka Pangani saa saba, wamefika hapo kama saa kumi na mbili jioni. Ni saa nane tu tangu watoke majini.

#20 Mangi_Calculator

Sawa, nakubali ya Same. Ila mantiki bado inanigomea. Wanne wamefika Arusha, mita 1,400, wazima. Anayeumwa ndiye aliyeshukia Moshi, mita 800 hivi. Kama ni mwinuko, si wangeumwa wale wa juu?

#21 MzeeWaHimo

Mangi kasema kweli. Mimi nimeendesha lori Tanga mpaka Arusha miaka kumi na tisa, asubuhi baharini jioni mlimani, bega langu halijawahi kulalamika.

#22 ChaliiWaSakina

Mzee, lori lako lilipita chini ya maji?

#23 Mzamiaji_Mstaafu

😂 Mzee wa Himo, wewe hukuwa na naitrojeni ya ziada, hujawahi kukaa kwenye presha inayozidi ya ufukweni.

Mangi, hilo la wanne wazima halithibitishi kitu. Watu watano, wasifu ule ule wa mbizi, anaumwa mmoja. Inategemea nani alikunywa maji ya kutosha, nani alikesha na bia, nani ana umri na mwili, nani alifanya kazi ngumu baada ya kutoka majini. MtuWaNjiro, huyo jamaa alizama kina kipi? Alivaa kompyuta ya kuzamia, ile saa ya mkononi inayopima kina na muda?

#24 MtuWaNjiro

Kompyuta ya kuzamia alikuwa nayo mwongozaji tu. Sisi wengine tulikuwa kama mita 14 mpaka 16. Yeye... kuna pweza alimfuata Jumapili. Mwongozaji akampigia mtungi kwa chuma akarudi. Sijui alifika ngapi.

Na mitungi tuliibeba. Maji yalikuwa yamekupwa, boti haikuweza kusogea, yeye ndiye mwenye nguvu akabeba mitungi ya oksijeni miwili miwili kwenye mchanga. Begani.

#25 Mangi_Calculator

Basi kesi imekwisha! Mtu kabeba mitungi begani, bega linauma. Mnatafuta vipovu vya nini?

#26 DadaWaUsaRiver

Kwanza si mitungi ya oksijeni jamani. Ni hewa hii hii tunayovuta, oksijeni 21 kwa mia na iliyobaki karibu yote naitrojeni. Ingekuwa oksijeni tupu tusingekuwa na uzi huu, tungekuwa na msiba.

Pili, mtungi ule uliojaa ni kilo 15 na zaidi. Miwili ni kama theluthi ya gunia la mahindi. Kweli bega linaweza kuuma kwa hilo. Lakini kubeba vizito mara tu baada ya kutoka majini ndiyo moja ya vitu vinavyoamsha vipovu. Kwa hiyo Mangi umeleta ushahidi unaosaidia pande zote mbili.

#27 MpembaWaMajengo

Nipisheni niseme hili. Ami yangu alikuwa akizamia jongoo bahari, kwa mpira wa kuvutia hewa na kompresa, hakuna saa wala kipimo, siku nzima juu chini. Siku moja alipotoka akakaa kwenye dau, akasema miguu siisikii. Watu wakasema kapigwa na jini la bahari, maana alizama mahali penye mwenyewe. Akapelekwa kwa mganga, akafukizwa ubani siku saba. Akapona nusu. Mpaka leo anaburura mguu wa kushoto. Yeye mwenyewe ukimuuliza atakwambia jini, na jina lake analijua.

Mimi nilipokuja kusoma habari za vipovu nilinyamaza tu. Nimwambie nini mzee?

#28 BibiWaKibosho

Pole sana. Na kule Chala kwetu wazee husema hivyohivyo, lile ziwa lina wenyewe.

#29 ChaliiWaSakina

Chala ina mamba, Bibi. Mwaka 2002 aliuawa msichana wa Kiingereza upande wa Kenya. Mwenyewe wa ziwa ana meno.

#30 Mama_Kahawa

Mimi si mzamiaji, ni mtu wa maabara. Homa je? Pangani kuna mbu. Uchovu, maungo kuuma, tunaita vipovu, kesho tunakuta ni malaria.

#31 Mzamiaji_Mstaafu

Mama Kahawa, malaria haiwahi hivyo. Kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu ni mapema mno, inataka kama wiki na zaidi. Labda aliondoka nayo Moshi.

MtuWaNjiro, sikia. Sisemi ni vipovu. Mimi si daktari na hata daktari akipiga eksirei haoni kipovu. Lakini ukiwa na mashaka unaichukulia kuwa ndivyo. Mpigie mwongozaji, ana namba ya dharura ya wazamiaji, aeleze kina na saa. Jamaa aende hospitali akaseme mwenyewe "nimepiga mbizi Jumapili", maana daktari wa Moshi hawezi kukisia bahari. Aombe oksijeni, anywe maji, asikandwe bega. Na ganzi, kizunguzungu au kushindwa kukojoa vikitokea, hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo.

Machame asiende. Lango la kupandia mlima pale liko kama mita 1,800. Kwao ni karibu na hapo?

#32 MtuWaNjiro

Karibu kabisa. Nimempigia. Anasema akikosa kikao cha harusi mjomba wake atamtoa kwenye ukoo. Ila kakubali kwenda hospitali kwanza.

#33 Mangi_Calculator

Mjomba ni hatari kuliko naitrojeni, hilo nakubali.

#34 KakaWaPasua

Nimechelewa. Mbona mimi nazama kwenye chemchemi ya Chemka kila Jumapili, natoka naendesha hadi Arusha, sijawahi kusikia chochote? Maji kama kioo, video zangu zinatoka safi bila filta wala taa.

#35 DadaWaUsaRiver

Kaka, Chemka unazama kwa pumzi yako, dakika moja, na kina si kirefu. Hupumui hewa iliyobanwa, naitrojeni haipati muda. Na video ni safi kwa sababu uko karibu na jua na karibu na samaki. Wale samaki wanakula miguu, umbali gani tena unataka?

#36 FundiKamera

Hapo ndipo nilipotaka turudi! MtuWaNjiro, kajifunze Chemka kwanza. Shika kamera kwa mikono miwili, viwiko kifuani, hesabu mpaka kumi bila kuigeuzageuza. Watu wanarekodi kama wanafukuza nzi.

Ila taa ukiinunua, usiiweke jirani na kioo. Itaangaza vumbi lililo mbele na video itaonekana kama theluji ya Kibo inaanguka baharini. Isogeze pembeni kwa mkono mrefu.

#37 KakaWaPasua

Kwa hiyo nikienda na mtungi Ziwa Chala ndiyo itakuwaje? Lile liko juu tayari.

#38 Mzamiaji_Mstaafu

Ukivuka mita 300 tayari ni mbizi ya mwinuko, majedwali ya kina na muda ya baharini hayakufai yalivyo. Unatoka majini unakutana na hewa nyepesi zaidi. Chala ni shimo la volkano, kina kinapita mita 90, kingo zimesimama wima. Sijawahi kuzama pale na sina mpango. Mamba amenitosha kuwa sababu.

#39 BibiWaKibosho

Na samaki wa pale muwaache. Kuna perege wa Chala asiyepatikana kwingine kokote duniani.

#40 Dereva_Safari

Nimesoma uzi wote. Mimi nilipiga mbizi Mnemba siku nne, nikabakiza siku nzima Unguja kabla ya kupanda ndege kurudi KIA. Wenzangu walinicheka. Nilikula urojo asubuhi, mchana na jioni. Sijui kama nilikwepa vipovu ila gesi niliipata.

#41 ChaliiWaSakina

Mchango bora wa wiki.

#42 MtuWaNjiro (Alhamisi, saa 2 usiku)

Mrejesho wakuu.

Jamaa alikwenda hospitali jioni ileile. Alipowekewa oksijeni alisema bega limepoa. Daktari akampima nguvu za mikono, akamtembeza mstari ulionyooka, akauliza mbizi zote tatu. Akasema inaweza kuwa vipovu vyepesi, inaweza kuwa msuli, na kwamba hawezi kula kiapo kwa lolote. Alimwambia asipande juu mpaka aone siku kadhaa zimepita salama. Jumanne maumivu yalibaki kidogo, leo hana kitu. Mwongozaji naye alipopigiwa akasema kwenye saa yake alisoma mita 18, ila hiyo ni ya kwake, yeye hakumfuata pweza.

Mjomba kakasirika. Kikao kilifanyika bila yeye na amepangiwa mchango mara mbili.

#43 Mangi_Calculator

Msuli. Nilisema.

#44 Mzamiaji_Mstaafu

Msuli unaopoa kwa oksijeni? Haya.

#45 Mangi_Calculator

Alilala kitandani saa mbili, nani asingepoa?

#46 MpembaWaMajengo

Alhamdulillahi mzima. Mkirudi tena nendeni kwenye maji mafu na mlale siku ya pili hukohuko.

#47 FundiKamera

Video je?

#48 MtuWaNjiro

Jamaa alipopata nafuu tukakaa kwenye simu akanielekeza. Nimeongeza nyekundu kama ulivyosema. Mchanga umekuwa mweupe, samaki wawili wa njano wamejitokeza ambao sikujua hata kama walikuwepo.

Kasa amekuwa zambarau.

#49 ChaliiWaSakina

Weka hivyohivyo.